Kutunga Kabla ya Kulinda: Teknolojia na Upimaji wa Wanafunzi Vyuoni

Kwa miaka mingi kabla ya ChatGPT, maelfu ya vijana wa Kenya wenye shahada zao walijipatia riziki kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Saa moja jioni ya New York ni usiku wa manane Nairobi, kwa hiyo swali la insha lilifika wakati mtaa mzima umelala, mwandishi akakesha nalo, na mteja akakabidhi chuoni kazi iliyokamilika yenye jina lake. Gazeti la New York Times liliichunguza biashara hiyo mwaka 2019. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, aliwafuata waandishi hao katika filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, na Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwa kosa kuuza au kutangaza huduma ya namna hiyo kwa wanafunzi wa England. Mengi yamesemwa kuhusu maadili ya wauzaji na wanunuzi, lakini jambo moja halikupewa uzito wake: kazi zile zilifaulu. Zilipita kwenye Turnitin, kwa kuwa programu hiyo hulinganisha maandishi na mengine yaliyokwisha kuhifadhiwa, na insha ya Nairobi ilikuwa mpya kabisa. Zilipita pia mbele ya wahadhiri, kwa sababu zilikuwa nzuri. Vyuo vilikuwa na uwezo mkubwa wa kumkamata aliyenakili, na uwezo mdogo sana wa kumtambua aliyeelewa. Akili mnemba ya aina ya ChatGPT ilipofika mwishoni mwa mwaka 2022 ilikuta ufa huo tayari upo. Ilichofanya ni kushusha bei, hata huduma iliyokuwa ya mwenye dola ikawa ya kila mwenye simu janja na bando, awe Dodoma, Kisumu au Mbarara.

Ndiyo maana naona mjadala wa teknolojia katika upimaji wa vyuo vikuu umeanzia mahali pasipofaa. Uongozi wa chuo unapouliza ununue nini, mara nyingi huwa umeshaamua kimya kimya kwamba maswali ni yale yale, kazi za muhula ni zile zile, na kinachohitajika ni mlinzi mpya: programu ya kugundua maandishi ya mashine, kamera ya kumtazama mtahiniwa chumbani kwake, kivinjari kinachofunga kila dirisha jingine la kompyuta. Hoja yangu ni kwamba teknolojia za ulinzi ndizo dhaifu zaidi kati ya zote tulizonazo, na zile zinazomsaidia mhadhiri kutunga kazi bora ndizo zenye nguvu zaidi. Nyingi kati ya hizi za pili hazilipiwi leseni. Bei yake ni muda wa mhadhiri, na hapo ndipo ugumu halisi ulipo.

Tuanze na programu za kugundua maandishi ya akili mnemba, maana ndizo zinazoaminiwa kuliko zinavyostahili. OpenAI, kampuni yenyewe iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo chake cha ugunduzi Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huo huo. Kwa vipimo vyao wenyewe, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kilimsingizia binadamu mara 9 kati ya 100. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kigunduzi cha Turnitin kwa hesabu rahisi: kampuni ilidai kosa la asilimia 1, chuo kilikuwa kimepokea kazi 75,000 mwaka 2022, kwa hiyo kazi kama 750 zingetiwa alama ya udanganyifu bila hatia. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho kiliachana na kigunduzi hicho mwaka 2025. Ushahidi unaotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki ulitoka Stanford mwaka 2023. Watafiti walivilisha vigunduzi saba insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Kimarekani wa darasa la nane karibu zote zilipita salama. Sababu haina muujiza. Vigunduzi hivyo hupima jinsi neno linalofuata lisivyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya pili hutumia msamiati mchache na sentensi za kawaida, kwa hiyo maneno yake hutabirika. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akafundishwa sekondari kwa Kiingereza cha vitabu, akajitahidi kuandika sentensi safi zisizo na makosa, ndiye hasa anayefanana na mashine machoni pa chombo hicho. Kumpeleka mtu kwenye kamati ya nidhamu kwa ushahidi wa aina hii ni dhuluma, hata kama kamati ina nia njema.

Usimamizi wa mtihani kwa kamera una matatizo yake. Agosti 2022 mahakama ya shirikisho huko Ohio iliamua kuwa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Cleveland kilivunja katiba kilipomtaka mwanafunzi azungushe kamera kuonyesha chumba chake kabla ya mtihani. Mahakama iliita hilo upekuzi usio halali. Uholanzi, mwanafunzi mweusi wa Vrije Universiteit Amsterdam alilalamika kwamba programu ilishindwa kuuona uso wake hadi ajimulike taa. Taasisi ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilihitimisha mwaka 2023 kwamba ubaguzi wa programu haukuthibitika katika kesi yake, lakini ikakikosoa chuo kwa jinsi kilivyoyashughulikia malalamiko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo chuo kinachorekodi vyumba vya kulala vya vijana kiwe tayari kueleza kinazihifadhi wapi picha hizo na kwa muda gani. Tena kuna suala la miundombinu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Mtihani unaohitaji video isiyokatika kwa saa tatu usingefanyika siku hiyo. Chumba cha kompyuta chenye seva yake ya ndani, au kazi inayofanywa kwenye simu bila mtandao na kutumwa baadaye, visingetetereka sana, na programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, huruhusu jambo hilo kwa majaribio madogo ikiwa mhadhiri ameliwezesha.

Hapo wapo watakaosema: basi turudi ukumbini, karatasi na kalamu, wasimamizi wapite katikati ya mistari. Hoja hii ina uzito kuliko wapenda teknolojia wanavyokubali. Ukumbi unathibitisha angalau kwamba aliyeketi pale ndiye aliyeandika, na hilo si dogo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa siri katika idara yao ya saikolojia: walikabidhi majibu ya mashine kwa majina ya wanafunzi 33 wa kubuni katika mitihani ya kufanyia nyumbani. Asilimia 94 ya majibu hayakushtukiwa na mtu, na kwa wastani yalipata alama za juu kuliko ya wanafunzi halisi. Anayetaka kujua mtu anaweza nini peke yake ni lazima amwone akiwa peke yake. Lakini ukumbi nao una mwakenya, una kuchabo, una wanaomfanyia mwenzao mtihani kwa kitambulisho cha kuazima. Zaidi ya hayo, ukumbi hupima sehemu ndogo tu ya elimu. Mhandisi hasanifu daraja kwa saa tatu bila jedwali wala mwenzake wa kumuuliza. Mwanasheria hapewi kesi akatakiwa aitetee kwa kumbukumbu ya vifungu pekee. Vyuo vingi vya kwetu hutoa asilimia 60 au 70 ya alama kwa mtihani wa mwisho, na mwanafunzi hujua kosa lake wakati matokeo yamebandikwa na muhula umekwisha, wakati ambapo kujua huko kunamsaidia kujiandaa na sapu tu.

Basi teknolojia iingie wapi? Mfano ninaouheshimu zaidi uko Kenya. STACK ni programu huria ya maswali ya hisabati iliyoanzishwa na Chris Sangwin alipokuwa Birmingham katika miaka ya 2000, na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno wameitumia tangu mwaka 2019. Inafanya kazi ndani ya Moodle, na nyuma yake kuna Maxima, programu ya aljebra. Chukua swali la kutafuta integrali ya 6x². Mhadhiri haandiki swali moja. Anaandika kiolezo, mashine inabadilisha tarakimu, na kila mwanafunzi anapata lake, mmoja 6x², mwenzake 12x³. Jibu haliteuliwi kutoka A hadi D, linaandikwa. Mwanafunzi akiandika 2x³ bila thabiti ya integrali, mashine inamwambia kwamba njia yake ni sahihi ila amesahau thabiti, na inampa sehemu ya alama. Akiandika 12x, inatambua kwamba ametafuta kinyambuo badala ya integrali, na inamweleza hivyo. Akiandika jibu sahihi kwa mpangilio wake mwenyewe, linakubaliwa, kwa sababu kinachopimwa ni usawa wa kihisabati wala si mfanano wa herufi. Zingatia kinachotokea hapa. Hakuna aliyemkataza mwanafunzi kuzungumza na mwenzake, na wakizungumza watalazimika kuzungumzia njia, kwa kuwa majibu hayafanani. Mrejesho unafika papo hapo, si baada ya wiki nane. Na ili mashine iseme neno sahihi kwa kila kosa, ilibidi mhadhiri akae kwanza afikiri: wanafunzi wangu hukosea wapi, na kosa hili linatokana na nini? Fikra hiyo ndiyo usanifu wa upimaji. Programu imeibeba tu na kuifikisha kwa watu mia nne kwa wakati mmoja.

Faida ya majaribio madogo ya mara kwa mara haitegemei kompyuta. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma maandishi kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma na kurudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya somo hali ilikuwa kinyume. Kompyuta imeondoa kikwazo kimoja, nacho ni mzigo wa kusahihisha. Nakubali kwamba mwanafunzi anaweza kumpa ChatGPT jaribio la nyumbani likamfanyia. Kwa hiyo majaribio hayo yasibebe alama nyingi. Yabebe mrejesho, na alama kidogo za kumfanya mtu asiyaache, kisha swali la aina ile ile lije ukumbini.

Masomo ya maelezo yana ugumu zaidi, na hapa sidai kwamba kuna programu ya kuyatatua. Kinachowezekana ni kubadilisha kazi yenyewe. Katika kozi ya takwimu za jamii, swali la "Jadili sababu za ongezeko la watu nchini Tanzania" limekwisha kufa, kwa sababu mashine hulijibu kwa sekunde kumi. Lakini Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ina takwimu za mikoa, wilaya na kata zilizo wazi kwa kila mtu. Mpe kila mwanafunzi wilaya yake. Alinganishe na sensa ya mwaka 2012, achore mwenyewe piramidi ya umri, aonyeshe mahali ambapo takwimu zinamshangaza, kisha azungumze na watu wawili watatu wanaoijua wilaya hiyo kuhusu kilichotokea: mgodi uliofunguliwa, barabara, mpaka wa kiutawala uliosogezwa. Akabidhi jedwali lake lenye hesabu, rasimu mbili, na aya moja inayosema alitumia akili mnemba wapi na aliikosoa wapi. Mashine bado itamsaidia, hasa katika lugha, na imsaidie. Itakachoshindwa kumpa ni sababu ya kata fulani kupungukiwa vijana wa kiume wa miaka 20 hadi 24, na akiibuni, mhadhiri mwenye takwimu mkononi atauliza maswali mawili na uongo utajitokeza.

Maswali hayo mawili yanatufikisha kwenye mtihani wa mdomo, ambao kila mara hukataliwa kwa hoja ya idadi: madarasa yetu ni makubwa mno. Tupige hesabu. Wanafunzi 300, kila mmoja dakika tano, ni dakika 1,500, yaani saa 25. Kusahihisha insha 300 kwa dakika 15 kila moja ni saa 75. Hata ukiweka watahini wawili kwa kila mwanafunzi, ni saa 50 za kazi, na bado umeokoa saa 25. Vyuo vyetu vyenyewe vinauamini mdomo pale penye uzito zaidi: hakuna anayepewa shahada ya uzamivu bila kutetea tasnifu mbele ya jopo. Kinachozuia utetezi mdogo wa dakika tano katika shahada ya kwanza ni mazoea ya ratiba kuliko ukosefu wa muda.

Pingamizi lililo zito kweli ni jingine. Mtihani wa maandishi humficha mwanafunzi nyuma ya namba; mdomo humfunua jina, kabila, lafudhi na jinsia. Katika vyuo ambako rushwa ya ngono ni tatizo linalojulikana, na ambako Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 ililazimika kulitaja kosa hilo, kumweka binti peke yake na mhadhiri mwenye alama mkononi si upimaji, ni hatari. Sioni jibu la pingamizi hili bila masharti magumu: watahini wawili, mlango wazi, mwongozo wa alama uliotangazwa mapema, na kurekodi sauti ya kila mazungumzo ili mtahini wa nje aweze kusikiliza sampuli na mwanafunzi aweze kukata rufaa. Simu ya kawaida inatosha kwa kurekodi. Kinasa sauti hapo kinamlinda mwanafunzi dhidi ya mwenye mamlaka, na matumizi haya ni kinyume kabisa na ile kamera ya chumbani. Suala la lugha nalo litatuliwe waziwazi. Mwanafunzi anayekwama kwenye neno la Kiingereza aruhusiwe kulieleza wazo kwa Kiswahili, kama wahadhiri wenyewe wanavyofanya darasani kila siku, isipokuwa pale ambapo lugha yenyewe ndiyo inayopimwa.

Wapo pia wasemao tuache kuhangaika, kwa kuwa kazini kila mtu atatumia akili mnemba. Wana haki kwa nusu. Chuo Kikuu cha Sydney kimeigawa mitihani yake katika njia mbili tangu mwaka 2025: ya kwanza ni vipimo vichache vinavyofanyika chini ya uangalizi, ya pili ni kazi zilizo wazi ambamo mwanafunzi anaruhusiwa kutumia mashine na kufundishwa kuitumia vyema. Naukubali mgawanyo huo kwa sababu unaacha kudanganya. Sharti la "usitumie" katika kazi ya nyumbani haliwezi kusimamiwa, na linamwadhibu mwaminifu tu. Lakini njia ya kwanza haiwezi kufutwa. Muuguzi anayesoma kwenye skrini kipimo cha dawa kilichozidi mara kumi anapaswa kushtuka kabla hajavuta dawa kwa bomba la sindano, na mshtuko huo hutoka kwenye ujuzi ulio kichwani mwake. Kila programu ya masomo ijiulize ni mambo gani mhitimu hana budi kuyajua bila msaada, iyapime hayo kwa ulinzi wa kweli mara chache katika miaka mitatu au minne, na kwingine kote iache kujifanya polisi.

Swali la usawa haliondoki kwa kulitaja tu. Anayetegemea simu yenye kioo kilichopasuka na bando la usiku hayuko sawa na mwenye kompyuta mpakato na intaneti ya nyumbani, na aliyelipia akili mnemba ya daraja la juu anawazidi wote wawili. Ndiyo sababu vipimo vyenye uzito vifanyike kwenye vyumba vya kompyuta vya chuo, kwa mashine za chuo, na kivinjari cha mtihani kama Safe Exam Browser, ambacho ETH Zürich wanakitoa bure. Kazi zilizo wazi zipimwe kwa vigezo visivyompa alama mtu kwa mapambo ya lugha. Tanzania ilipata dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, na sehemu ya fedha hizo ni ya miundombinu ya kidijiti. Majengo na vifaa vitaonekana kwa macho. Muda wa kutunga hauonekani, kwa hiyo haupangiwi fungu.

Mhadhiri anayetengeneza benki ya maswali mia mbili yenye mrejesho kwa kila kosa amefanya kazi ya miezi. Inapofika zamu ya kupandishwa cheo, makala moja katika jarida huwa na uzito kuliko benki hiyo, naye anajua. Atarudia maswali ya mwaka juzi, na chuo kitanunua kigunduzi. Hili linaweza kuanza kurekebishwa bila fedha mpya, kwa utaratibu ambao vyuo vyetu vinao tayari. Karatasi ya mtihani wa mwisho kwa kawaida hupitiwa katika kikao cha idara kabla haijachapwa, mara nyingine na mtahini wa nje pia, lakini kazi za muhula, zenye asilimia 30 hadi 40 ya alama, mara nyingi hupita bila jicho la pili. Zipelekwe kwenye kikao hicho hicho. Kila kazi ije na jibu ambalo akili mnemba imelitoa kwa swali hilo, limeambatishwa na kusahihishwa kwa vigezo vya mhadhiri mwenyewe. Ikipata B, swali lirudishwe kwa mtunzi wake, na saa atakazotumia kulitunga upya zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi wa muhula.